Nilipoachwa Peke Yangu Kibakwe

Siku yangu ya kwanza ya ualimu wa dini, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, Padre Mkuu alinipandisha milima ya Kibakwe, akanionyesha kanisa la tembe, lenye paa bapa la udongo. Akasema, "Kundi ni lako. Usiningoje mimi."

Kazi ilikuwa kufundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa. Asubuhi walisoma silabi, kisha sala. Alasiri nilipita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali. Baada ya mavuno Padre alikuja kuwapima na kuwabatiza.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, askari wa boma la Mpwapwa walimchukua Padre, kwa kuwa alikuwa Mwingereza. Kisha akida, msimamizi wa serikali, akaanza kukamata wanaume wakabebe mizigo ya jeshi. Watu wakakimbilia vichakani. Nikajiambia kwamba nikilegea, kanisa litakufa. Niliwafuata mlima kwa mlima, nikalima shamba la kanisa, nikaziba paa lililobomolewa na mvua. Nilikula peke yangu, wala hapakuwa na wa kuniambia pole. Jumapili moja nilizihubiria kuta tupu mpaka sauti ikakauka.

Ndipo homa ikaniangusha. Nilimwambia Mungu, "Nimeshindwa. Nguvu zangu zimekwisha." Sikuwa na sala nyingine.

Asubuhi akaingia Mama Ndahani, mjane ambaye bado hakuwa amebatizwa, na wanawake wachache nyuma yake.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Siwezi kusimama, mama. Leo hakuna ibada."

"Kwani tunaabudu miguu yako? Lala. Mulungu hajaugua."

Wakapiga magoti kando ya kitanda changu, wakasali kwa Kigogo, maneno ambayo mimi sikuwafundisha. Jumapili iliyofuata niliwasikia kanisani wakiimba, na sauti za wanaume waliokuwa vichakani zimo.

Nilipopona, sikushika tena jembe wala kitabu kabla ya kukaa kimya mbele za Mungu. Kazi haikupungua, ila uzito wake haukuwa tena wangu.

Padre hakurudi. Nilihamishiwa Mpwapwa, kisha Dodoma, hadi nikastaafu. Mke wangu, niliyemwoa baada ya vita, ametangulia, na nyumba ni kimya mno. Vijana wachache wanaopita huniamkia, kisha huuliza, "Babu, nani alilishikilia kanisa la Kibakwe wakati wa vita?"

Huwajibu kweli tupu: mimi nilikuwa nimelala, siwezi hata kuinua kichwa.