Mabati Kumi na Mawili Kutoka Kisii

Niliondoka nyumbani Manga siku ya Ijumaa kwa sababu nyumba yetu haikuwa na paa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea mwisho. Pareto ilikuwa inalipa, na mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, alikuwa ameniachia shamba pamoja na malipo yake. Basi nikaita risaga. Risaga kwetu ni majirani kuja kwa wingi kukufanyia kazi bila ujira, wewe unawapikia tu. Wanaume wakaja Alhamisi, wakang'oa nyasi zote za zamani, zikabaki fito, wakasema watarudi Jumamosi kupiga mabati. Mabati yenyewe nilikuwa sijanunua! Ndivyo nilivyo mimi, nikiamua jambo huwa nimeshalianza.

Mama mkwe na watoto wakaenda kulala kwa jirani. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya. Na watu wa risaga wakija wakakuta huna kitu, hawagombani nawe, wanakwenda zao kwa mwingine, na zamu yako inasogezwa mpaka palizi liishe. Ilikuwa lazima nirudi siku hiyohiyo na mabati kumi na mawili na misumari yake. Pesa zilitosha hivyo, hazikuzidi.

Saa mbili asubuhi, baada ya kukama, nilitelemka mlima na jirani yangu Kemunto, aliyekubali kunisaidia kubeba. Yeye alikuwa na kikapu cha mayai ya kuuza. Pesa zangu nilizifunga kwenye pindo la leso, nikaifunga leso kiunoni.

"Mimi nakujua, Mama Nyaboke," Kemunto akaniambia njiani. "Wewe ukiona kitambaa, masikio yanaziba."

"Leo sina macho ya kitambaa. Nina macho ya bati."

Akacheka mpaka mayai yakatikisika. Alikuwa na haki ya kucheka. Mwaka uliotangulia nilikwenda Keroka kununua jembe, nikarudi na sketi mbili na hamu ya jembe.

Saa sita na nusu tulikuwa mjini Kisii, mayai yameshauzwa. Nilikuwa na mpango wangu, tena mzuri: kununua mabati kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Mtu mwenye mabati kichwani haingii duka la nguo, mlango haumruhusu. Tukaenda moja kwa moja kwenye duka la Mzee Salim la vifaa vya ujenzi. Limefungwa, kufuli hili hapa!

"Ijumaa leo, mama," sauti ikasema kutoka duka la pili. "Mume wangu yuko msikitini. Ingieni ndani mpumzike, jua kali hilo."

Huyo alikuwa Mama Zuhura, mke wa Mzee Salim. Yeye aliuza vitambaa. Sisi Wasabato Jumamosi yetu tunaijua vizuri, na Jumapili ya majirani zetu pia tunaijua, lakini Ijumaa ya watu wa mjini ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

Huenda msomaji ameshituka: Msabato apige mabati Jumamosi? Majirani wangu wengi hawakuwa wa kanisa langu, na mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, alishaniambia kwamba mvua haiangalii kalenda. Nilikubali kuwapikia kesho yake, Jumapili, nikaenda kanisani.

Mama Zuhura alitupa maji ya kunywa na viti. Alikuwa mkarimu kweli, wala sitamsingizia ujanja. Aliniuliza habari za Manga na za watoto. Kisha akaona macho yangu yamekwenda wapi.

Ilikuwa krimplini, rangi ya kijani kibichi kama jani la mgomba linalofunguka. Siku hizo krimplini ndiyo ilikuwa nguo. Haikunjiki, haihitaji pasi, na mwanamke akiivaa anatembea polepole ili aonekane. Mama Zuhura akaishusha, akanitandikia begani, akanisogeza mbele ya kioo.

"Haya, jiangalie."

Jamani, nilipendeza! Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kile kitambaa.

"Umeshonewa kabla hujashonewa," Mama Zuhura akasema. "Na ndicho cha mwisho. Nitakupunguzia."

Nikamgeukia Kemunto anisaidie. Yule mwanamke aliyenicheka njia nzima alikuwa ameshika pindo la kitambaa, anakipapasa. "Punguza mabati mawili tu," akanong'ona kwa Kikisii. "Mahali padogo tu patawekwa nyasi. Nani atajua?"

Mkono wangu ukaenda kwenye fundo la leso. Ukalilegeza. Nikaanza kuyapanga mabati akilini nipate mawili ya kuacha. Juu ya jiko? Cheche na nyasi mpya, tutaungua. Juu ya watoto? Hapana. Nikafika upande wa mwisho, chumba cha mama mkwe, pale pembeni, na nikajikuta nimesema kimoyomoyo, hapo panatosha mawili. Mama yule ndiye aliyekuwa akinilelea watoto nikichuma pareto. Nilijionea aibu mbele ya kioo kile.

Nikakaza fundo. "Mama Zuhura, ni kizuri, nakitaka, na sikichukui."

"Nikuwekee mpaka jioni?"

"Usiniwekee. Mwuzie mwingine, nisije nikakiota."

Akacheka, akanipiga begani kirafiki. Nikatoka nje, nikakaa kibarazani mbele ya lile kufuli, mgongo kwa duka la vitambaa, mpaka Mzee Salim alipofika na kofia yake nyeupe.

Naye akajaribu. Rangi nyekundu ya kupaka bati, mifereji ya kukinga maji! "Nyumba itaonekana kutoka barabarani, mama."

"Walio barabarani hawalali ndani yake," nikamjibu. "Kumi na mawili, na misumari."

Saa tisa tulipandisha mabati juu ya basi, tukateremkia njia panda, kisha tukaupanda mlima, kila mmoja na sita kichwani juu ya kata ya majani ya migomba. Upepo ulitusukuma huku na huku. Kemunto alilalamika shingo, mimi niliimba.

Jumamosi paa likapigwa likaisha. Jumatatu alasiri mvua ikaja, mvua ya kweli, na kelele yake juu ya bati ilikuwa kubwa hata tukazungumza kwa mikono.

Safari ile ilinifundisha kwamba bei ya kitambaa si ile ya dukani peke yake. Niliielewa bei yenyewe siku hiyo ya mvua, mama mkwe aliponiita chumbani kwake. Alikuwa amesimama katikati, anaangalia juu, mikono ameifungua kama anayengoja tone.

"Nisaidie kusogeza kitanda," akasema.

"Unataka kukipeleka wapi, mama?"

Akafikiri kidogo. Miaka yote alikuwa amekiweka pale nyasi zilipopenda, pasipovuja.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuchagua."

Tulikisogeza mara tatu.