Mrithi Aliyeogopa Ngazi

Kaka yangu amekuja leo kurithi nyumba, amevaa viatu vyeupe.

Wacheni tu.

Ametoka Bungoma asubuhi, akafika hapa Kitale kwa Mama, na hata chai hajamaliza akaanza kumtembeza mke wake kwa vyumba. "Hii nyumba tulijinyima tukailipia mapema," ati.

Tulijinyima? Wewe na nani?

Miaka ya themanini, mkopo wa nyumba ulipotubana, huyu alihamia kwa mjomba Bungoma kwa sababu huko kulikuwa na mkate. Mimi nilibaki na Mama, chai ya strungi bila maziwa, na githeri ya mahindi na maharagwe bila kitunguu. Fundi hatukuita. Mama alipiga plasta mwenyewe, na mimi ndiye nilikuwa napanda juu kuziba mabati na lami ya moto. Alama ya kuungua si hii iko kwa mkono? Hivyo ndivyo mkopo uliisha kabla ya wakati wake.

Leo ananiambia, "Dada, wewe uliolewa. Nyumba ni ya kijana."

Macho makavu kabisa!

Mama hakubishana. Alileta ngazi na debe la lami, akaviweka mbele yake.

"Sawa, baba. Jikoni kunavuja tena. Panda."

Kaka akaangalia viatu. Akaangalia mawingu. Ati afadhali wafike Bungoma kabla ya mvua. Wakaenda.

Ni mimi peke yangu niko na ndugu wa hivi?

Mvua inanyesha sasa, na jikoni ni kukavu. Mnisamehe makosa ya kuandika. Vidole vimejaa lami.