Sauti ya Bibi Peresi na Tovuti Niliyoichagua kwa Haraka

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Tulikuwa Hombolo, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, tumetoka kuweka msalaba kwenye kaburi lake. Watu walikuwa wamekula, wametulia uani, mjomba Yohana akasema, "Haya, mjukuu. Tusikilizishe ile sauti ya mama."

Maana wote walijua ninayo. Bibi Peresi ndiye aliyekuwa akiongoza muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, na kabla nguvu hazijamwisha nilikaa naye likizo nzima nikimrekodi kwa simu. Aliimba, akanieleza kila wimbo ulitungwa kwa ajili gani, akacheka pale alipojisahau.

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo kule Chimwaga. Nilitaka tovuti yangu mwenyewe, yenye jina langu, maandishi yangu na nyimbo za bibi. Zana za kuijengea zilikuwa mbili mbele yangu. Moja unaburuta tu picha na maandishi unavyotaka, na ikifika jioni una tovuti inayong'aa. Ya pili ilitaka ujifunze kwanza, na kurasa zake zilikuwa za kawaida tu, ila kila ulichoweka ungeweza kukipakua ukahamia nacho kwingine. Rafiki yangu Rehema, tuliyekuwa tukikaa chumba kimoja Ipagala, alinishauri hiyo ya pili. Nikamwambia, "Wewe unapenda mambo magumu." Nilikuwa na haraka ya kusifiwa, usinicheke. Nikachukua ile inayong'aa, masharti yake nikayakubali bila kuyasoma, na simu ilipojaa nikafuta rekodi zote. Si ziko kwenye tovuti?

Basi pale uani nikaifungua mbele ya ukoo mzima. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mistari miwili: huduma imefungwa, asanteni kwa kuwa nasi. Baadaye niligundua kwamba walitoa taarifa miezi kadhaa kabla, kwa barua pepe niliyokuwa nimeacha kuifungua. Nilijaribu kuufungua tena, ukawa uleule. Mama mdogo akaanza kulia tena, kama msiba ndio kwanza umeingia.

Mjomba hakunifokea. Alinivuta pembeni, akasema taratibu, "Mama hakukupa nyimbo ili upendeze nazo. Alikupa uzitunze. Ungetuachia hata sisi nakala moja."

Kisha akaniambia ninawe uso, kwani wenzake bibi aliokuwa akipiga nao ngoma bado wapo, wanafika watano.

Nilirudi Hombolo kila mwisho wa juma kwa miezi minne. Wale akina bibi waliniimbia walichokumbuka, wakibishana juu ya maneno. Rehema naye alikaa nami tukajenga tovuti upya kwa ile zana ya kawaida, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba alinishauri. Nyimbo nyingi zilipatikana. Sauti ya bibi haikupatikana, na bado inaniuma.

Ndiyo maana uliponiuliza utumie zana gani, sikukujibu haraka. Kurasa nzuri hata mimi nazipenda, lakini kabla ya uzuri jiulize: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na vitu vyangu? Anwani ya tovuti iandikishwe kwa jina lako, si la waliokupa zana. Halafu ijaribu kwenye simu ndogo ya shangazi yako kijijini. Isipofunguka kwake, umewajengea wageni tu. Nakala weka mbili, moja nje ya mtandao, nyingine kwa mtu anayekupenda. Na ukikosea pamoja na hayo yote, njoo. Tutaanza upya, wala sitakusimanga.

Nenda kajenge, mwanangu. Mungu akupe subira ya kujifunza, akulindie ulichokikusanya, na watakaokuja baada yako wakikutafuta, wakukute.