Mgeni Rasmi wa Uani Kwetu

Jumamosi iliyopita mama kanunua blenda, akaniambia niitoe ile mbuzi ya kukunia nazi iliyokaa uvunguni miaka yote hii, wanunuzi wa chuma chakavu wakipita niwape. Nikaivuta. Meno yameliwa na kutu, na katikati ya miguu kumechomekwa kifurushi cha kipande cha khanga. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na shada la karatasi za kung'aa, nyekundu na za dhahabu, pipi zilizoshonewa humo zimeyeyuka, zimegandana na uzi. Nikakaa chini sakafuni. Nililijua.

Mwaka ule wa korona nilikuwa darasa la saba, hapahapa Temeke. Tulikuwa tunaishi watatu: mie, mama, na bibi, Mmakonde wa Mtwara asiyejua kusoma hata jina lake. Shule zilipofunguliwa tulikuta ndoo za maji na sabuni getini, na mwalimu wa Kiswahili akanichagua nisome risala ya wahitimu siku ya mahafali. Sijui aliona nini kwangu. Mie nilikuwaga nikiitwa jina asubuhi naitika kwa kunong'ona, darasa zima linacheka.

Bibi ndiye aliyenifundisha. Kila jioni alikaa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi, mie nimesimama karibu na karo la maji machafu na daftari langu. Yeye ndiye mgeni rasmi. Nikisema "Ndugu mgeni rasmi", anaacha kukuna, anajiweka sawa, anapandisha kidevu. Nikifika kwenye maombi, kwamba shule yetu ina upungufu wa madawati na vyoo, lazima ninyamaze, naye anajibu kwa sauti nzito: "Nimelisikia ombi lenu." Kisha anaendelea kukuna.

Jirani yetu aliyepanga chumba cha mbele alikuwa anamtania. "Bibi, mgeni rasmi gani ana machicha mpaka kwenye kope?"

"Huyu huyu! Wale wenu wanakula pilau wanaondoka, vyoo hatuvioni. Soma, mke mwenzangu, usimsikilize."

Mama alikomea darasa la tano, kwa hiyo mie ndiye ningekuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuvishwa shada. Bibi alilishona mwenyewe, kidogo kidogo, anaficha nikiingia.

Halafu mwalimu mkuu akatutangazia mstarini kwamba kamati ya shule imeona tusikusanye wazazi. Mahafali hakuna. Vyeti tutachukua dirishani, mmoja mmoja, tumevaa barakoa. Wenzangu walilia. Na mie nililia, lakini hapa naandika ukweli: ndani ya moyo nilishusha pumzi. Maiki nimeikwepa.

Bibi hakukubali. "Siku ileile, hapahapa uani. Majirani wawili tu. Utasoma, nitakuvisha, nitapiga vigelegele, basi."

Siku ilipofika alioga mapema, akavaa doti yake mpya, akakaa juu ya mbuzi bila nazi. Mie nikasema kichwa kinaniuma. Nikalala nimegeukia ukutani, macho yako wazi. Nikamsikia jirani: "Mhitimu yuko wapi jamani? Mgeni rasmi keshafika!"

"Mwacheni, anaumwa," bibi akasema. "Atanisomea siku nyingine."

Alijua siumwi. Baada ya muda nikasikia krwa, krwa, krwa. Ameanza kukuna nazi.

Siku nyingine haikuja. Niliona aibu kuanza, naye hakuniuliza tena. Mvua za mwaka uliofuata kifua kilimbana. Tukamfukiza kwa mchaichai na majani ya mwarobaini, nyumba nzima inanukia, wapi. Alizikwa siku ileile aliyofariki, watu wachache, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake. Turubai hatukufunga. Yule aliyependa shughuli kuliko watu wote mtaani aliondoka bila shughuli.

Sasa niko kidato cha nne. Uani pamejengwa vyumba viwili vya kupangisha, karo limefukiwa, jirani yule kahamia Pugu. Kimebaki kiupenyo cha kuanikia nguo. Nazi tunanunua ya pakiti.

Wale wa chuma chakavu walipita na kipaza sauti chao, sikuwaita. Daftari langu la darasa la saba ninalo bado. Nikaiweka mbuzi pale kwenye upenyo, nikalivaa shada na pipi zake zilizoyeyuka, nikasimama. Wapangaji walichungulia dirishani, wawili wakacheka. Nikasoma kwa sauti, sauti ambayo sikuwahi kuitoa shuleni. Ndugu mgeni rasmi. Nikafika kwenye madawati na vyoo, nikanyamaza kama tulivyozoea, nimwachie nafasi ajibu.