Sikusaini Karatasi ya Mafuta Mabaya

Lori lilizimika muda mfupi tu baada ya kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, unga wa mahindi umejaa hadi kwenye turubai. Nilikuwa nimeketi kando ya dereva, kama kawaida yangu. Sisi watu wa Butembo tulioshuka hadi Lubumbashi kufanya biashara hatupendi mzigo uende njia moja na mwenye mzigo abaki nyumbani. Dereva alishuka, akangoja mvuke upungue, halafu akalala chali chini ya injini. Alipoinuka, mgongo wake wote ulikuwa mwekundu kwa vumbi.

"Mama, maji imeisha tena," aliniambia.

"Imevuja wapi?"

"Haikuvuja. Chini hapa haina hata tone moja. Moteri njo iko nakunywa."

Neno lililonichoma ni lile "tena". Miezi minne nyuma injini hiyohiyo ilikunywa maji kwa namna hiyohiyo, na garaji ya kampuni iliyotuuzia lori iliitengeneza kwa garanti ya nyongeza. Garanti hiyo niliitaka mimi. Ile ya kwanza, inayokuja na lori, ilipokwisha, hii ya pili ilipaswa kuilinda injini miaka mingine miwili. Mume wangu alikuwa amepooza upande wa kulia. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa dereva na fundi na mkubwa wa kazi yetu, mimi nilikuwa muuzaji tu. Alipoanguka nikajikuta na lori ambalo sikujua hata mahali pa kutia oili. Nilisaini garanti ile ili nipate usingizi.

Mtu wa kanisani kwetu alituma lori lake, tukahamisha unga, kisha likatuvuta hadi mjini. Nilishuka mbele ya garaji nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mkuu wa mafundi alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alinisalimu vizuri, akatazama nyuma yangu kama anayemtafuta mwingine.

"Bwana yenu iko wapi, mama? Aje tuongee naye mambo ya moteri."

"Bwana yangu iko mugonjwa ku nyumba. Na garanti ni miye nilisaini. Ongea na miye."

Siku mbili baadaye aliniita, akanisogezea karatasi ya Kifaransa. Aliniambia kwamba wameona kosa, ni kile chombo kinachopoza moshi wa injini, kilekile cha mara ya kwanza. Watakibadilisha. "Mutie saini hapa chini, mama, tutawasaidia."

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Sijui ni nini kilichonifanya nisome. Mstari wa tatu ulisema kwamba uharibifu umetokana na mafuta mabaya yaliyotiwa na mteja, kwamba mteja anakubali, na kwamba garaji inatengeneza kwa huruma yake, kwa mara ya mwisho.

Niliirudisha kalamu mezani.

"Mafuta tunatia ku station moja na basi zote za muji," nilisema. "Mbona zile basi hazikufe?"

"Mama, ni formalité tu, desturi ya karatasi."

"Kama ni formalité tu, ondoa huo mustari."

Hakuuondoa. Nami sikusaini. Nilitoka pale kwa miguu; lori lilikuwa kwao na mimi nilikuwa na mkoba tu begani.

Nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Katuba, kwa fundi mzee aliyewahi kufanya kazi na mume wangu. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake katika karakana ya mgodi, na sasa alitengeneza malori uani kwake. Aliniwekea kigoda, akanieleza taratibu. Moshi wa injini, alisema, sehemu yake hurudishwa ndani kuchomwa tena, lakini kwanza hupitishwa kwenye chombo chenye vijibomba vinavyozungukwa na maji ili upoe. Vijibomba vikipasuka, maji yanaingia ndani ya injini na kuchomwa humo. Ndiyo maana dereva hakuona tone chini.

"Bale batakuwekea piyesi ileile," alisema. "Itapasuka. Mara ya tatu maji itabomoa moteri yote. Sikia, mama. Niko najua piyesi ingine, ya bomba nene, madereva ba Ndola banaitumia. Natia ile. Na bolti zenye kushika kichwa ya moteri, kile kifuniko ya juu, natoa zote, natia za nguvu. Utatembea miaka kumi."

"Na garanti?"

"Garanti!" Akacheka. "Ile ni kamba ya mbuzi. Kata."

Nilimpigia simu mkuu wa mafundi wa garaji palepale. Akajibu bila kupumua: tukifunga hata bolti moja isiyo yao, garanti imekufa.

Asubuhi iliyofuata, tukinywa chai, nilimweleza mume wangu yote. Alizungumza polepole tangu augue, kila neno akilivuta kutoka mbali.

"Saini, mama wa batoto. Lori... iko mikononi mwao. Tusigombane."

Nilimpenda mtu yule na bado nampenda, lakini siku ile nilikasirika hadi nikasimama. Nilimwambia kwamba nikikubali kwa maandishi kwamba mimi ndiye niliyeiua injini, basi kila kitakachoharibika baada ya hapo kitakuwa changu. Na kwamba yeye angekuwa mzima, hakuna mtu ambaye angethubutu kumwekea karatasi ile mbele. Nilipoyasema hayo alitazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani. Nilijuta. Lakini alisema, "Ni kweli," kisha akaniomba nimletee kijitabu cha garanti.

Tulikisoma pamoja Jumapili baada ya ibada, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akinisimamisha kwa kidole. Kurasa nyingi zilikuwa za mambo yasiyolipiwa. Karibu na mwisho tulipata sentensi mbili zilizotufaa. Ya kwanza ilisema mteja ana haki ya kuonyeshwa kifaa kilichotolewa kwenye injini. Ya pili ilisema kila kifaa kinachobadilishwa kiwe cha toleo jipya kabisa lililokubaliwa na kiwanda.

"Rudia hiyo," alisema. Nikarudia. "Uliza kama... kiwanda imetoa mupya."

Jumatatu nilifika garaji na kiti changu cha plastiki kichwani. Nilikitua karibu na meza ya kupokelea wateja, nikakaa.

"Mama, hapa haina soko," mkuu wa mafundi alisema.

"Najua. Niko nangoya munionyeshe piyesi yangu."

"Piyesi ni ya kampuni."

Nilifungua kijitabu nikamsomea sentensi ya kwanza, kwa Kifaransa chote nilichopewa na masista wa Butembo. Akaingia ofisini akafunga mlango.

Nilikaa Jumatatu, nikakaa Jumanne. Nilibeba karanga na chupa ya maji. Sikupiga kelele, sikumtukana mtu. Lakini wateja wana macho, na mama aliyeleta kiti chake mwenyewe lazima aulizwe. Aliuliza dereva wa kampuni ya mgodi, akauliza sista mmoja aliyeleta gari la hospitali, akauliza baba mmoja mwenye malori matatu. Kila mmoja nilimsimulia, na kila mmoja nilimwonyesha mstari wa tatu wa karatasi ile. Baba wa malori matatu aliisoma mara mbili, akaenda kuwauliza watu wa mapokezi kama na yeye aliwahi kusainishwa kitu kama hicho.

Jumatano kabla ya saa sita mlango ulifunguliwa. "Kuya, mama."

Nyuma, kwenye meza ya chuma, kulikuwa na kile chombo. Mkuu wa mafundi alikikata kwa msumeno mbele yangu, mwenyewe, shati jeupe likirukiwa na masizi. Ndani, pale bomba lilipounganishwa na sahani, niliona ufa mwembamba. Nikamwuliza kile cha kwanza kiko wapi. Alisita, halafu akakitoa rafuni, kikiwa bado na kikaratasi chenye namba ya lori letu. Nacho akakikata. Ufa ulikuwa palepale, kwenye mshono uleule.

"Mafuta mabaya," nilisema, "iko na akili ya kuchagua pale pale mara mbili?"

Aliufuta mkono wake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kiwanda kilikuwa kimetoa kifaa kipya, chenye mshono mwingine, tangu zamani kidogo. Ila garaji ilikuwa na vile vya zamani rafuni, na wakubwa walitaka viishe kwanza.

"Basi biishe kwa mutu mwingine," nilisema. Nikajisikia vibaya papo hapo kwa sababu ya yule mtu mwingine, nikasahihisha: "Hapana. Bisiwekwe kwa mutu yeyote."

Nilimtaka aandike mambo matatu: kwamba kifaa kilipasuka kwenye mshono, kwamba mafuta hayahusiki, na kwamba kitakachofungwa ni kile kipya. Aliandika kwa mkono wake na kugonga muhuri. Hapo ndipo niliposaini.

Lililobaki lilikuwa la fundi wa Katuba, na lilinigharimu zaidi. Aliposikia kwamba nimebaki na garanti na kwamba bolti zake za nguvu hazitafungwa, uso wake ulikunjamana.

"Umekuwa mutu wa kwao."

"Hapana, baba. Garanti ingali na mwaka mzima. Siwezi kuwaachilia wakati nimewakamata."

"Kichwa ya moteri ikiinuka, usikuye kulia hapa."

"Nitakuya. Na utanifungulia mulango."

Hakunisindikiza hadi barabarani, naye alikuwa mtu wa kumsindikiza kila mgeni. Nilirudi nyumbani nikihesabu wanaume watatu waliojua kuliko mimi namna ya kuitunza injini yangu, nikaona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli na hakuna aliyekuwa nao wote. Uamuzi ulikuwa wangu. Kama ningekosea, ningekosea mwenyewe.

Mwaka ule lori lilikwenda Mokambo na kurudi bila kunywa maji. Garanti ilipobakiza siku chache nililipeleka garaji wakalikagua lote, nikachukua ripoti. Wiki iliyofuata lilikuwa Katuba. Fundi mzee alifunga bolti zake zote, akinung'unika kwamba nimechelewa, akiimba katikati ya manung'uniko. Mume wangu alikaa kwenye kile kigoda, akisikiliza injini ikiwashwa kwa mara ya kwanza. Aliinua mkono wa kushoto wapunguze moto, akasikiliza tena, akasema inasema vizuri.

Garaji walinipigia simu kunishauri nichukue garanti nyingine. Nilikwenda. Waliniwekea karatasi mpya, nikaisoma yote nikiwa nimesimama, na kwenye ukurasa wa nne niliyakuta mafuta mabaya, yameandikwa kwa maneno mengine. Nilichukua kalamu nikaukata mstari ule.

"Mama, haiwezekane kufuta," binti wa mapokezi alisema. "Hii contrat imetoka juu, iko vile kwa bantu bote."

"Basi ibaki kwa bantu bote," nilimwambia, nikamrudishia kalamu yake bila kusaini.