Gumba Nje ya Hendeli

Katika shule yetu ya ufundi, kidato cha pili ulikitambua kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimepinda. Wenye gumba la hivyo walijiita mafundi. Sisi wapya tuliitwa njuka, na ilibidi tuwaamkie shikamoo hata wale tuliowazidi umri.

Gumba lilivunjiwa karakanani, kwenye injini ya dizeli ya kuvuta maji, iliyowashwa kwa hendeli, chuma cha kuzungusha kwa mkono. Njuka alizungusha, fundi mmoja akashika wenzo wa kuifanya injini iwe nyepesi. Akiuachia mapema, hendeli hurudi nyuma kwa nguvu na kugonga gumba lililoikumbatia. Jumamosi ya kwanza walianza na mvulana wa Maretadu. Nilisikia mfupa wake ukilia kama bua kavu la mahindi. Akakaa chini, akatapika uji, nao wakampaka grisi kwenye paji la uso wakipiga makofi. Alipelekwa hospitali ya Haydom na lori la ngano. Mwalimu aliambiwa kijana ameanguka kutoka kitandani.

Jumamosi iliyofuata mwalimu wa zamu alikwenda mnadani, nasi tukapangwa mstari. Mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee, tena mwenye haya: hata jina langu likiitwa asubuhi nilinyoosha mkono tu. Siku ile nilitaka kitu kimoja, gumba langu libaki zima.

Baba yangu alikuwa akiwasha mashine ya kusaga kwenye kota za wafanyakazi wa shamba la ngano, kule Basotu. Nilikua nikimwangalia. Gumba lake lililala upande mmoja na vidole vingine, halikuzunguka chini ya chuma. "Likae nje, mama," alikuwa akiniambia, ingawa hakuniruhusu kugusa.

Kiongozi wa mafundi alishika wenzo. "Haya, dada, tupikie."

Wakacheka. Nikashika kama baba, nikazungusha. Akaachia. Hendeli ikarudi, ikanichomoka kiganjani, ikanigonga kiwiko nikaona giza. Lakini gumba lilikuwa zima.

Kiongozi akanisogelea. Akanishika mkono, akaugeuza kama anakagua kuku sokoni.

"Umeshikaje?"

Nikauvuta mkono wangu.

"Rudia. Gumba chini."

"Sishiki hivyo, kaka."

Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuwaambia. Akachukua mkanda wa feni ukutani. Pigo la kwanza lilinipata shavuni, la pili sikioni, yaliyofuata mgongoni nikiwa nimeshapiga magoti na kuficha mkono wa kulia tumboni. Mkanda wa mpira haukati, unavimbisha. Nilijikojolea, niseme ukweli.

"Mimi nilivunjwa hapa hapa," alikuwa akisema, akinionyesha gumba lake. "Wewe ni nani usivunjwe?"

Alipochoka alimwita aliyenifuata, mtoto wa muuguzi mmoja aliyehamishwa kutoka Tanga. Mvulana huyo aliniangalia sakafuni, akaiangalia hendeli, akashika. Gumba nje. Wenzo ukaachiwa, hendeli ikamchomoka. Naye akachapwa. Wa tatu akashika vilevile, akachapwa. Wa nne alilia kabla hajaigusa, lakini gumba lake nalo likakaa nje.

"Mnanifanyia mgomo?" kiongozi akauliza. Jasho lilikuwa linamtoka, na mkanda alikuwa amehamishia mkono wa kushoto, maana gumba lile lililopinda halikumruhusu kushika kitu kwa muda mrefu. Wenzake wawili walishatoka nje. Hatimaye akautupa mkanda kwenye ndoo ya oili chafu.

Mstari wote tulipigwa. Hakuna aliyevunjika.

Bwaloni sikuweza kufungua mdomo vizuri. Yule wa Maretadu, mkono ndani ya plasta, alikaa mbele yangu akihangaika kula kwa mkono wa kushoto.

"Uso wako umekuwa andazi," akasema.

Nikaivuta sahani yake karibu, nikamkatia matonge ya ugali, moja moja, kwa mkono wangu wa kulia.