Insha Isiyoanza na Shukrani

Mwaka juzi nilipewa heshima ambayo sikuiomba. Chuo kidogo cha Same mjini, kinachofundisha walimu wa chekechea, kiliniita nisahihishe insha za waombaji. Mimi ni mwalimu wa dini mstaafu, naishi Suji, kijiji cha milimani juu ya Same, na nilimshukuru Mungu kwamba katika umri huu bado kuna mtu anayehitaji macho yangu.

Mkuu wa chuo, mama niliyemfundisha akiwa binti mdogo, alinieleza utaratibu. Waombaji wote hujibu swali moja, siku moja. Matokeo ya kidato cha nne yanahesabiwa, mahojiano pia yanahesabiwa, lakini insha ndiyo mlango. Anayepata chini ya kumi kati ya ishirini anawekwa kando, hata vyeti vyake viwe vizuri namna gani. Alinikabidhi mwongozo wa kusahihisha, ukurasa mmoja tu. Nilipofika nyumbani niliuweka chini ya Biblia, na hapo ukakaa.

Swali liliwataka waeleze jambo walilowahi kumfundisha mtu.

Huku kwetu, anayesimama kanisani kutoa ushuhuda huanza na salamu na shukrani. Asiyefanya hivyo tunamwona kama aliyeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Shuhuda za namna hiyo nimezisikiliza maisha yangu yote, na ndivyo nilivyosahihisha. Waliofungua kwa kumshukuru Mungu, wazazi na walimu niliwapa alama kwa furaha, hata wale ambao baada ya hapo hawakueleza lolote. Kisha nikafika kwenye insha iliyoanza hivi: "Mdogo wangu aliogopa kukamua ng'ombe, kwa hiyo nilianza kwa kumfundisha mahali pa kusimama." Nilikunja uso. Ng'ombe mstari wa kwanza, maziwa mstari wa mwisho, shukrani hakuna. Nikampa saba.

Wiki moja baada ya majina kubandikwa, bodaboda ilisimama mlangoni kwangu. Alishuka binti mwembamba, shuka la Kimaasai begani, vumbi la tambarare bado miguuni. Karani wa chuo ndiye aliyemwelekeza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Hakukaa. Alitoa nakala ya insha yake. "Nimekuja unionyeshe nilipokosea, nijisahihishe mwakani. Nimesoma mara nyingi, sijapaona."

Nilivaa miwani nikasoma. Nilisoma polepole, nikitafuta kosa, na kila mstari ulikuwa umenyooka. Alieleza jinsi alivyomshika mdogo wake mkono, jinsi alivyomwacha akosee, jinsi alivyonyamaza ili mtoto asiogope. Alikuwa mwalimu tayari.

"Hukuanza na shukrani," nilisema.

Alinitazama kwa mshangao. "Babu, nyumbani mkubwa akikuuliza, unajibu kwanza. Shukrani ni akishakupa."

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema, "Basi ni mwandiko. Ufanyie mazoezi."

Aliinama, akaaga kwa adabu, akapanda bodaboda. Mimi, niliyewafundisha watoto wengi amri ya kutosema uongo, nilibaki mlangoni. Niliingia ndani nikautoa mwongozo chini ya Biblia. Kujibu swali, mpangilio, lugha. Shukrani haikuwemo.

Kesho yake nilishuka Same. Mkuu wa chuo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani yake.

"Mwalimu wangu," alisema, "hapa hatuchagui kwaya."

Alimpa mwalimu mwingine insha zote nilizosahihisha. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili. Waliokwisha kuchaguliwa hawakuondolewa, lakini yule binti alipata kumi na sita, vyeti vyake vikasomwa, akaongezewa nafasi. Simu yake haikupatikana. Nikaomba nipeleke habari mwenyewe.

Nilimkuta mjini Hedaru siku ya soko, akiuza maziwa na mama yake. Nilimwambia amepata nafasi, na kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Alikuwa ameanza kutabasamu, akaacha.

"Kwa hiyo mwandiko wangu hauna shida?"

"Hauna. Nilikudanganya."

Aliinama akatoa daftari nene chini ya meza, akalifungua mbele yangu. Kurasa kwa kurasa za herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: mstari wa a, mstari wa b, mpaka jalada la nyuma. Alikuwa ameandika kila siku tangu atoke kwangu. Mama yake aliuliza kitu kwa Kimaasai, binti akamjibu kwa maneno machache, na yule mama akanitazama mpaka nikashindwa kuinua uso.

Nilimwomba msamaha.

"Nimekusikia, babu," alisema. Alilifunga daftari, akalirudisha chini ya meza. "Chuo kinafunguliwa lini?"

"Jumatatu," nikamwambia.

Akageuka kumpimia mteja maziwa.